Daraja la Kwanza la HGL, Daraja la Tatu la PCM

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, hoja hurudi ile ile: Daraja la Tatu la PCM lina thamani kuliko Daraja la Kwanza la HGL. Wengi wanaoisema wamesoma sayansi wenyewe na wanajua walichopitia. Wanataka vyuo vikuu viutambue ugumu huo kwa alama, ili aliyesoma Fizikia, Kemia na Hisabati (PCM) aongezewe kitu anapogombea nafasi na aliyesoma Historia, Jiografia na Kiingereza (HGL).

Wana sababu. Kwa kanuni za udahili za TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, A ni alama 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, somo liwe lolote. Mwenye C, C na D za PCM ana alama 8. Mwenye B, B na C za HGL ana 11. Kozi inayopokea tahasusi zote mbili, yaani michanganyo yote miwili ya masomo, ikijaa, na kozi za namna hiyo zipo, anayetoka ni yule wa alama 8. Kijana aliyekesha miaka miwili na milinganyo ana haki ya kuumia. Shule nazo zinaona: mkuu wa shule anayetaka madaraja ya kwanza mengi hana sababu ya kumtia moyo mtoto wa wastani aende PCM.

Upo hata mfano wa nchi iliyofanya hivyo. Tangu 2012 Ayalandi inawapa nyongeza ya alama 25, katika hesabu ya kuingia chuo kikuu, wanafunzi wanaofaulu Hisabati ya ngazi ya juu. Mwaka 2011 waliofanya mtihani wa ngazi hiyo walikuwa takriban asilimia 16 ya watahiniwa wa Hisabati. Miaka kumi baadaye wamezidi theluthi moja. Anayetafuta ushahidi kwamba alama huvuta watu kuelekea somo gumu, huo hapo.

Lakini nyongeza ya Ayalandi ilikuta nini? Kule karibu kila mwanafunzi husoma Hisabati mpaka mtihani wa mwisho wa sekondari, na anachochagua ni ngazi. Mlango uko wazi mpaka mwisho, nyongeza inamsukuma tu aliyesita kizingitini. Kwetu mlango unafungwa miaka miwili kabla, na wengi wa wanaofungiwa, hata wakiulizwa wanataka nini, jibu lao halibadilishi kitu.

Tazama mtihani wa kidato cha nne wa 2023. Waliofaulu Hisabati walikuwa asilimia 25.42, na mwaka uliotangulia walikuwa asilimia 20.08. Kufaulu hapo ni kuanzia D. Maana yake ni kwamba watoto watatu kati ya wanne walipata F katika somo ambalo kila mmoja wao alilazimika kulisoma. Mtu anaweza kusema haraka kwamba ni uvivu, kwamba kizazi hiki hakipendi hesabu. Basi aweke namba ya pili kando ya ile ya kwanza: mwaka huo huo ufaulu wa jumla wa mtihani ulikuwa karibu asilimia 90. Ni watoto wale wale, shule zile zile, wiki zile zile za mtihani. Wengi wao walisoma Kiswahili wakafaulu, wakasoma Historia wakafaulu. Uvivu unaochagua somo moja na kuyaacha mengine yote ni uvivu wa ajabu. Kinachoelezeka zaidi ni kwamba Hisabati hujengwa tofali juu ya tofali: aliyekosa mwalimu kidato cha pili hawezi kuliziba pengo hilo kwa kukariri madaftari ya mwenzake kidato cha nne. Historia inaweza kuokolewa hivyo kwa kiasi. Hisabati haiokoleki, na Fizikia inaifuata huko huko.

Sasa mtoto huyo mwenye F ya Hisabati na C nzuri za Historia, Jiografia na Kiingereza anapangiwa HGL. Anasoma, anapata Daraja la Kwanza. Kisha tunamwambia kwamba alikimbia masomo magumu, na kwamba alama zake zihesabiwe pungufu kwa sababu hiyo. Hakukimbia. Alipewa njia moja, akaipita vizuri.

Ndiyo maana siamini kwamba ugumu wa tahasusi ni kipimo cha juhudi za mwanafunzi pekee. Kwa sehemu kubwa ni kipimo cha shule aliyopangiwa. Wakati Rais Kikwete alipoagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za Fizikia, Kemia na Baiolojia, wananchi walichangishwa na kuta zikasimama. Katika shule nyingi vyumba vilitangulia vifaa, na vifaa vilipofika vilitangulia walimu. Nyongeza ya alama kwa PCM, katika hali hiyo, itaangukia zaidi mikononi mwa waliosoma penye maabara kamili na mwalimu wa Fizikia anayeingia darasani kila wiki. Nao wengi walikuwa mbele tayari.

Halafu, nani alipima wepesi wa HGL? Mtihani wa Historia wa kidato cha sita ni insha, tena kwa Kiingereza, lugha ambayo kwa watoto wengi ni ya tatu baada ya ile ya nyumbani na Kiswahili. Kujenga hoja ndefu kuhusu ukoloni au vita baridi katika lugha unayoisikia darasani tu ni kazi. Hatuihesabu kuwa ngumu kwa sababu haina fomula.

Tena PCM na PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) zina malipo yake tayari. Udaktari pale Muhimbili haugombewi na mtu wa HGL. Ushindani uko kati ya PCB na PCB, na hapo ugumu ni sawa kwa wote. Uhandisi ni hivyo hivyo. Bodi ya Mikopo huzipa kozi za sayansi kipaumbele, na tangu 2022 kuna ufadhili wa Samia kwa wanaofanya vizuri zaidi katika tahasusi za sayansi. Mwenye alama 8 za PCM anapoikosa nafasi katika kozi ya utawala, kuna milango ambayo yeye anaweza kuibisha na mwenzake wa HGL hawezi hata kuisogelea.

Linalobaki kuwa na uzito kwangu ni lile la kozi zinazotumia hesabu kweli: uhasibu, uchumi, takwimu. Huko chuo kikilipa uzito somo la Hisabati lenyewe nitaunga mkono, mradi uzito huo uwe wa somo ambalo kozi inalihitaji, na aliyesoma Hisabati ndani ya EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) aupate sawasawa na wa PCM. Jina la tahasusi lisiwe sifa. Kanuni ya hivyo imezidi kuwa ya lazima tangu Machi 2024, tahasusi zilipotangazwa kuongezwa kutoka 16 hadi 65. Nani atakaa chini azipange hizo zote kwa ugumu?

Na nguvu iliyobaki ielekezwe chini, kidato cha kwanza na cha pili. Kidato cha sita ufaulu sasa unazidi asilimia 99, kwa hiyo mchujo mkubwa hauko pale. Uko kwenye ile robo ya Hisabati. Mwanafunzi wa kidato cha nne hujaza machaguo ya tahasusi na huruhusiwa kuyarekebisha matokeo yakishatoka, lakini kwa mwenye F ya Hisabati marekebisho hayo hayafungui PCM, EGM wala PGM (Fizikia, Jiografia na Hisabati), na nyongeza yoyote ya alama itakayotolewa chuo kikuu itampita bila kumgusa.