Bakhili Huandikwa kwa KH

Mie ni fundi wa kompyuta wa hoteli moja ndogo Mji Mkongwe. Jina la hoteli nalihifadhi, maana riziki yangu bado iko palepale.

Seva yetu ya barua pepe inakaa chini ya ngazi, katika kichumba ambacho zamani kikiwekwa kuni. Kuta zake ni za mawe na chokaa, nene hasa, na simu haishiki ukishaingia ndani. Yashikeni maneno hayo, yatakuja kunitesa mbele. Mashine yenyewe ni kompyuta kuukuu ya mezani niliyoitia mfumo wa Debian, na barua zinaendeshwa na programu ya Postfix. Haijawahi kunisumbua, ila pale nilipoisumbua mie.

Idi ya mwaka huo nilipata ruhusa ya siku tano kwenda kwetu Wete, Pemba. Kabla sijaondoka, mzee mwenye hoteli akaniita. "Wageni wakiandika kutaka vyumba, wasikae kimya wakadhani tumekufa. Watafutie cha kuwajibu."

Njia ya kujibu watu ukiwa likizo ipo siku nyingi. Kuna programu inaitwa vacation, ilikuwamo katika Unix ya Chuo Kikuu cha Berkeley, mfumo wa kompyuta wa zamani, toleo la BSD 4.3, tangu 1986, wakati mie sijazaliwa. Ina adabu za kizee programu hiyo. Mtu mmoja haimjibu zaidi ya mara moja kwa wiki, barua za matangazo inazipita, na barua za mashine wenzake haizigusi. Mie nikaona hayo ni mambo ya wazee. Nikaandika skripti yangu mwenyewe, yaani programu fupi, mistari kumi na miwili, usiku mmoja, mkono huu kibodi na mkono huu bakuli la urojo. Barua ikiingia, skripti inatazama imetoka kwa nani na inamrudishia: "Assalaam alaykum. Tumepokea barua yako. Tumo katika Sikukuu, tutakujibu baada ya siku chache." Chini nikabandika picha ya jahazi linapita mbele ya Forodhani jua likizama, kilobaiti 400, kwa sababu watalii na majahazi unawajua tena.

Nikaifunga kwenye sanduku la maombi ya vyumba. Kisha nikajiuliza, na mie si naenda likizo? Nikaifunga na kwenye sanduku langu.

Basi nikapanda boti hadi Mkoani, nikapanda gari hadi Wete, nikala biriani ya mama, na saa 3 usiku nikawa nimejilaza jamvini na simu kifuani. Shetani akanambia, hebu ijaribu kazi yako. Nikatuma barua kutoka anuani yangu ya kazini kwenda sanduku la maombi. Kichwa cha barua: "Jaribio". Haikupita dakika, jahazi likaja. Nikamwonesha ndugu yangu, akasifu, nikalala usingizi wa mtu aliyefanya kazi nzuri.

Sasa sikilizeni kilichokuwa kikiendelea chini ya ngazi. Sanduku la maombi lilinijibu mie. Sanduku langu likaona barua imeingia, likajibu: "Assalaam alaykum." Sanduku la maombi nalo likaona limetolewa salamu. Tumefunzwa chuoni kwamba kutoa salamu ni sunna na kuitikia ni wajibu, na skripti yangu ilikuwa na dini kuliko aliyeiandika. Likaitikia. Langu likaitikia. Mmewahi kuwaona mabibi wawili wa Kipemba wamekutana njiani, za nyumbani, nzuri, za watoto, wazima, na mzee, hajambo, na yule mkwe wa kule Konde? Hao walau mmoja jua humchoma akenda zake. Masanduku yangu yalikuwa kivulini, hayana pa kwenda, na kila salamu imebeba jahazi.

Postfix ina kinga yake dhidi ya upuuzi kama huo. Barua ikizunguka ikapita vituo zaidi ya 50, inarudishwa. Lakini hapa hakuna barua iliyozunguka. Kila jibu lilikuwa barua mpya kabisa, imezaliwa leo, haina dhambi, na Postfix ikaipokea kwa mikono miwili. Jibu moja kwa sekunde. Kwa saa 10 za usiku ule ni barua 36,000, na kwa kilobaiti 400 kila moja zinapindukia gigabaiti 14, ambayo ndiyo nafasi yote iliyokuwa imebaki katika diski.

Saa 4 asubuhi simu ikalia.

"Kijana, Idi njema."

"Idi njema, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Sikiliza. Tangu jana usiku napokea picha za jahazi. Mwanzo nilifurahi, nikasema kijana ananitakia Sikukuu. Lakini sasa tangu asubuhi hata hayo majahazi hayaji. Haiji barua yoyote."

Nikatoka nje mbio. Kwetu mtandao unashika vizuri uwani, chini ya mkarafuu, nikaingia kwenye seva kwa SSH, njia ya kuiamuru mashine ukiwa mbali, kutumia simu. Diski: asilimia 100. Daftari la barua limejaa kilio kimoja, hakuna nafasi, hakuna nafasi. Kila seva ya nje iliyobisha hodi ilikuwa ikijibiwa 452, ghala limejaa. Hapo nilishusha pumzi kidogo, kwa sababu majibu yanayoanza na 4 maana yake ni "njoo baadaye", na seva yenye akili huishika barua yake ikarudi tena na tena kwa siku kadhaa. Yale ya 5 ndiyo talaka. Kwa hiyo barua za wageni zilikuwa nje zinasubiri, hazijapotea.

Mtu mwenye akili zake hapo angesimamisha Postfix kwa maneno mawili na kwenda kunywa chai. Mie nilitaharuki. Nikasema nifunge kwanza mlango wa 25, ule wa barua, pasiingie kitu. Na hata huo ningeufunga vizuri usingenisaidia, maana ugomvi ulikuwa ndani ya nyumba na mie nakimbilia kufunga lango la nje. Lakini sikuufunga vizuri. Kwa vidole vya biriani nikaiamuru iptables, bawabu wa milango ya mashine, ikatae kila kinachoingia. Kila kitu. Pamoja na mlango wa 22, ambao ndio nilioingilia.

Skrini ikaganda. Nikagusa, kimya. Nilikuwa nimejifungia nje, na kati yangu na ufunguo kuna bahari.

Ufunguo wa kichumba cha chini ya ngazi anao mtu mmoja tu duniani. Nikampigia.

"Mzee, nakuomba uingie chumba cha mashine. Nitakusomea, wewe utaandika."

Akaingia, na simu ikakatika. Nimeshakwambieni habari za zile kuta. Tukakubaliana: atasimama mlangoni asikie, aingie aandike, atoke tena. Ana miaka 70 na ushei na goti moja bovu.

"Andika root."

Akaenda, akarudi. "Ruti ndio nani?"

"Ndiye mkubwa wa mashine, mzee."

"Mkubwa wa mashine si mimi niliyeinunua?"

"Sasa inataka nywila."

"Nywele?"

"Neno la siri, mzee. Neno la siri."

Hapo ndipo nilipokumbuka neno la siri ni nini, na biriani ikasimama kooni.

Nililiweka mwaka mmoja nyuma, siku niliyoomba nyongeza ya mshahara. Sikusudii kujitetea. Neno la siri huwa unaliandika wewe na analisoma shetani, hufikirii kama siku moja utakuja kumsomea mwenyewe aliyetajwa. Lilikuwa MzeeBahili25.

"M kubwa," nikasema. "Kisha z, kisha e mbili."

Akaenda, akarudi. "Mzee. Naandika lakini hakionekani kitu."

"Ndivyo ilivyo, inaficha."

"Inamficha nani na humu nimo peke yangu? Haya. Mzee nani?"

"Endelea tu, mzee. B kubwa. A. H." Akaenda akarudi. "I. L. I." Hapo hakwenda. Nikasikia pumzi zake tu, na mbali kidogo watoto wa mtaani wakipuliza filimbi za Sikukuu.

"Kisha 25," nikasema kwa sauti ya mtu anayeteremshwa kaburini.

Akaenda. Alikaa kitambo. Aliporudi akasema, "Imekataa."

Tukarudia. Imekataa. Tukarudia mara ya tatu, herufi moja moja, goti lake na aibu yangu. Imekataa.

"Mzee, umeandika vipi hapo katikati?"

"Nimeandika sawasawa. Bakhili. Huandikwa kwa kh, kijana. Ni Kiarabu hicho. Kwani wewe umesoma skuli gani?"

Ikabidi nimbembeleze, mie niliyemtukana, aliandike tusi langu kama nilivyolikosea. Akagoma kwanza. Alisema yeye alifunzwa na maalimu waliokuwa wakichapa watu kwa makosa madogo kuliko hilo. Mwisho akakubali kwa shingo upande, na akalalama kwamba ukitaka kumsema mtu, japo msema kwa Kiswahili safi.

Ikafunguka.

Sasa ile amri ya kuifungua milango. Nikataka aiandike na njia yake kamili, nisibahatishe. "Weka mkwaju, mzee."

"Mkwaju wa penalti?"

"Kile kimstari kilicholala upande. S, b, i, n. Mkwaju tena." Akaenda, akarudi. Nikamtajia iptables herufi kwa herufi. "Sasa acha nafasi."

Nikasikia kiti kikiburuzwa. "Nimesogea. Anakuja nani?"

Nyuma yangu, barazani, alikuwa amekaa ami yangu na wazee wenzake wawili na buli la kahawa. Walikuwa wakinisikia muda wote: mkwaju, acha nafasi, mkwaju tena, kistari, nafasi. Ami akaniita pembeni kwa uso mzito. "Baba, unamwagua nani na Sikukuu hii? Na huo mkwaju unampa wa kunywa au wa kuoga?" Pemba tunasingiziwa mengi, na siku ile nilikuwa nayatolea ushahidi hadharani.

Amri ya kuyafuta majahazi sikuthubutu kabisa kumsomea. Nafasi moja tu ikiingia pasipo pake, unaondoka na kitu ambacho hukukikusudia, na mzee wangu nafasi zake zilikuwa za kusogeza viti.

Tulikuwa tumefika katikati ya neno la mwisho aliporudi mlangoni akasema, "Kijana, kiza."

"Kiza gani?"

"Umeme umekwenda."

Nikakaa chini kwenye mizizi ya mkarafuu. Mashine ile ilikuwa na betri ya akiba, yupiesi, iliyonunuliwa baada ya lile giza la miezi mitatu lililoikumba Unguja, Disemba 2009 hadi Machi 2010, wakati waya wa chini ya bahari ulipoharibika. Betri yake ilikwisha kufa zamani. Nilishamwomba mzee mara tatu aninunulie nyingine, na mara zote alinambia umeme wa siku hizi haukatiki.

Baada ya dakika 20 hivi umeme ukarudi. Nilikuwa nimeipanga mashine iwake yenyewe, na hilo ndilo jambo la busara pekee nililofanya katika kisa hiki. Nikajaribu kuingia kwa simu, bila matumaini. Ikanipokea.

Nikakaa naitazama ile skrini, kisha nikajipiga kofi la kipaji. Ile amri ya iptables sikuwa nimeihifadhi popote. Ilikuwa kwenye kumbukumbu ya mashine tu, na mashine ikizimwa inasahau. Tangu mwanzo ningemwambia mzee achomoe waya na kuuchomeka. Hakuna root, hakuna mkwaju, hakuna nywila. Na kama angeninunulia betri mpya, mashine isingezimika, na sijui tungemaliza saa ngapi. Ubahili wake ndio uliotuokoa, na sikuwa na uso wa kumwambia.

Yaliyobaki yalikuwa kazi ya dakika chache. Nikasimamisha Postfix, nikaizima ile skripti, nikajaribu kufuta majahazi kwa mpigo mmoja, ikanijibu kwamba orodha ni ndefu mno, ikanibidi nitumie amri ya find ikayafuta moja moja kama mtu anayechambua mchele. Katikati ya lundo nikakuta barua tatu za watu wa kweli, wote wamekwisha kupata salamu na picha. Mmoja alikuwa ameandika tena kuuliza kama jahazi lile linakodishwa.

Niliporudi Unguja nilimkuta mzee ofisini, mguu umelazwa juu ya kigoda. Hakunigombeza. Alinikaribisha kahawa, na hilo lilinitisha zaidi.

"Lile neno nimelielewa," akasema. "Mwishoni 25 ni ya nini?"

"Ni namba ya mlango wa barua, mzee. Barua pepe zinapita mlango wa 25 tangu miaka ya 1980, dunia nzima." Na hilo ni kweli tupu, muulizeni mtu yeyote.

"Ahaa. Mie nikadhani ni ile elfu 25 niliyokuongeza."

Nikanywa kahawa. Ilikuwa ya moto sana, lakini niliinywa.

Akataka nimwoneshe neno la siri linabadilishwa vipi. Tukateremka, nikamwonesha, akaniamuru nitazame ukutani mpaka amalize. Tangu siku hiyo, nikitaka kuingia kama root napanda kwanza ghorofani, ananisomea herufi kwa herufi mbele ya karani na mpishi, nateremka nikaandike. Nimeshalijua kwa moyo, lakini sharti lake ni nije kusomewa. Siwezi kukwambieni ni neno gani. Lina kh mbili, na mwishoni bado lina 25.