Bima ya mwenzako inapogusa kikomo chako

Wanandoa wanaoishi Marekani wanapoketi na W-2 zao, yaani karatasi za mwaka za mapato kutoka kwa waajiri, kujaza ritani ya pamoja ya kodi, hufika kwenye swali linaloonekana jepesi: mwenzi wako alikuwa na bima ya afya ya aina gani? Wengi hujibu "hakuna" kwa sababu mwenzi hana HSA, ile akaunti ya akiba ya afya. Lakini swali halikuuliza akaunti. Limeuliza bima, na hivyo ni vitu viwili.

HSA zilianza Januari 2004. Pesa huingia bila kukatwa kodi, hukua bila kodi, na hutoka bila kodi zikienda kwenye matibabu. Sharti lake ni bima ambayo mwenyewe unajilipia kiasi kikubwa kabla haijaanza kulipa: kwa mwaka 2025, angalau dola 1,650 kwa bima ya mtu mmoja na dola 3,300 kwa bima ya familia. Kikomo cha kuweka mwaka huo kilikuwa dola 4,300 kwa mwenye bima ya peke yake na 8,550 kwa mwenye bima ya familia.

Akaunti ni ya mtu mmoja. Hakuna HSA ya mume na mke, hata wakijaza ritani moja. Kila mwenye akaunti anaambatanisha Fomu 8889 yake. Ila kikomo hakifuati mtu. Sheria inasema mmoja wa wanandoa akiwa na bima ya familia yenye sifa hizo, wote wawili wenye haki ya kuweka wanahesabiwa kuwa na bima ya familia, na wanagawana kikomo kimoja. Wasipokubaliana namna nyingine, kinakatwa nusu kwa nusu.

Tuchukue mfano, kwa viwango vya 2025. Mke anafanya kazi hospitalini na ana bima ya peke yake. Kila mshahara unakatwa hadi afikishe dola 4,300 kwa mwaka. Mume ni dereva wa lori, na bima ya kazini kwake inamhusu yeye na watoto wawili. Yeye anaweka 8,550. Kila mmoja akiangalia karatasi yake ya mshahara anaona yuko ndani ya kikomo, na waajiri wao nao wanaona hivyo hivyo, kwa sababu hakuna mwajiri anayejua bima ya mwenzi. Mke hata hayumo kwenye bima ya mumewe. Hata hivyo, mbele ya mamlaka ya kodi wameweka dola 12,850 mahali panaporuhusu 8,550. Ziada ya dola 4,300 inarudi kwenye mapato yanayotozwa kodi, na isipotolewa kwa wakati inatozwa asilimia 6 juu yake, yaani dola 258, kila mwaka inapoendelea kukaa humo.

Wapo wanaoona utaratibu huu ni wa haki, na hoja yao ina uzito. Bila kanuni ya kikomo kimoja, kaya yenye waajiri wawili ingepata nafuu ya kodi karibu mara mbili ya kaya ambayo mmoja anafanya kazi na mwingine analea watoto nyumbani. Na kumwachia kila mtu akaunti yake kuna faida ninayoithamini sana. Mtu akiacha kazi, anaondoka na akiba yake. Mke ana pesa kwa jina lake, ambazo hahitaji kuomba ruhusa kuzitumia. Mwenzi wako akifariki, akaunti aliyokuandika wewe kuwa mrithi inakuwa HSA yako bila kodi.

Upande wa pili unanigusa zaidi. Wapenzi wasiooana, walio kwenye bima moja ya familia na wote wana haki ya kuweka, kila mmoja anaruhusiwa kuweka kikomo kizima cha familia kwenye akaunti yake. Siku wakifunga ndoa, kikomo kinakuwa kimoja. Sijaona sababu ya kuridhisha ya tofauti hiyo. Tena sheria inadai kila mwenzi ajue undani wa bima ya mwenzake, huku karatasi zote zikitumwa kwa mtu mmoja mmoja. Kisanduku cha 12 cha W-2, chenye herufi W, kinaonyesha kilichoingia kupitia kazini kwako tu.

Hatari nyingine imejificha zaidi. Mke akiwa na FSA ya kawaida, yaani akaunti ya matibabu inayoendeshwa na mwajiri wake, inayoweza kulipia matibabu ya mumewe, mume hana tena haki ya kuweka pesa kwenye HSA, hata kama hakuna senti iliyotumika kwa ajili yake. Lakini mke akiwa na bima yake ya kawaida, isiyoruhusu HSA na isiyomhusu mume, mume haathiriki. Anabaki na kikomo chake kizima.

Kwenye matumizi sheria ni ya ukarimu, na ni jambo ambalo watu wetu wengi hawalijui. HSA yako inaweza kulipia matibabu ya mwenzi hata kama hayumo kwenye bima yako. Mke aliyeko Tanga akisubiri viza, bili yake ya hospitali inahesabika. Ya mama yako aliyeko huko huko haihesabiki, hata kama wewe ndiye unayemtunza kwa kila kitu, kwa sababu mzazi lazima awe tegemezi anayetambuliwa na kodi ya Marekani, na asiye raia akiishi Tanzania hatambuliwi. Ukimlipia kwa HSA kabla hujafika miaka 65, unalipa kodi ya mapato na asilimia 20 juu yake. Naumia kila nikilieleza hili.

Kwa hiyo akaunti tofauti naziunga mkono. Kikomo cha pamoja ndicho ningekiondoa. Na haja inaongezeka: tangu Januari 2026, bima za daraja la shaba ("bronze") zinazouzwa kwenye soko la bima la serikali zinaruhusu HSA, kwa sheria iliyotiwa saini 4 Julai 2025. Rasimu ya Baraza la Wawakilishi ilitaka pia wanandoa wenye miaka 55 na zaidi, ambao kila mmoja anaruhusiwa nyongeza ya dola 1,000 juu ya kikomo, waweke nyongeza zao kwenye akaunti moja, lakini kifungu hicho kiliondolewa. Mke wa miaka 57 mwenye haki ya kuweka lakini asiye na akaunti bado hawezi kuiweka nyongeza hiyo kwenye akaunti ya mumewe. Lazima afungue HSA kwa jina lake na kuiweka humo kabla ya siku ya mwisho ya ritani, Aprili ya mwaka unaofuata.