Lami Ikifika Saadani

Gari letu lilikwama mara mbili kati ya Mkange na Saadani. Mara ya pili tulichomolewa na vijana wanne wenye pikipiki mbili, kila pikipiki na tenga la samaki limefungwa nyuma kwa mpira. Udongo wa huko ni mweusi na unanata. Ukishuka garini unaganda kwenye soli mpaka unajiona umeongezeka urefu. Vijana walisukuma, wakanawa miguu kwenye dimbwi lilelile lililotukwamisha, wakakataa hela. Mmoja akaniuliza, "Kaka, huko Dar mnasemaje, lami inafika lini?" Mwenzangu, ambaye anapenda sana wanyama na watu kidogo, akajibu kabla yangu: "Bora isifike." Kijana alimtazama, akalitazama tenga lake lililokuwa linachuruzika maji ya barafu, akawasha pikipiki wakaondoka.

Jibu lile nimelifikiria sana tangu siku hiyo. Si la kijinga hata kidogo. Tatizo lake ni kwamba aliyelitoa hakai Saadani.

Kwa asiyepafahamu, Saadani ni hifadhi ya taifa iliyo ufukweni mwa Bahari ya Hindi, ikigusa mikoa ya Pwani na Tanga. Ina takriban kilomita za mraba 1,100. Ilikuwa pori la akiba tangu miaka ya 1960, ikawa hifadhi ya taifa rasmi mwaka 2005. Barabara yenyewe ni ile ya Bagamoyo hadi Tanga kupitia Makurunge, Saadani na Pangani, kilomita 256, inayojengwa kipande kwa kipande, pamoja na daraja la mita 525 juu ya Mto Pangani litakaloipumzisha pantoni ya Bweni. Imo katika mpango wa njia ya pwani unaofika hadi Malindi, Kenya, na Benki ya Maendeleo ya Afrika imetia fedha. Kipande cha njia hiyo kinapita hifadhini, na hapo ndipo watu wanapotofautiana.

Mgeni anayekwenda Saadani kwa mara ya kwanza huwa ameona picha ya tembo kandokando ya mawimbi. Picha hiyo imewaleta wengi na kuwaudhi wengi. Sisi tulikaa siku tatu. Tuliwaona kuro hadi tukachoka kuwahesabu, twiga, kongoni, tohe kwenye majani marefu, na ngiri wanaokatiza kijijini kama mbuzi wa mtu. Kwenye Mto Wami, kwa boti, kuna viboko na mamba, na mikoko inayoanza pale maji ya mto yanapoonja chumvi. Katika msitu wa Zaraninge tuliwasikia mbega kabla ya kuwaona. Kwenye mabwawa ya chumvi walikuwepo heroe, wamesimama kwa mguu mmoja, wekundu kidogo kuliko nilivyotarajia. Simba tulimsikia usiku tu, kwa mbali, na mlinzi wa kambi akasema huyo anatuaga.

Tembo hatukumwona. Ila alfajiri ya siku ya pili tulikuta nyayo ufukweni, kila unyayo upana wa sinia, umejaa maji ya chumvi, na katika mmojawapo kaa mdogo anazunguka kama aliyepewa bwawa. Nyayo zilitoka kichakani, zikafuata bahari hatua kama mia, zikarudi kichakani. Bahari ilikuwa inajaa. Baada ya nusu saa hapakuwa na alama yoyote.

Kwa hiyo ninaelewa mwenzangu analinda nini. Anachokosea ni historia. Anaamini ukimya wa Saadani ni wa asili, kwamba pori lilikuwa hapo na watu wakaja kulivamia. Ukweli ni kinyume. Karibu na hapo palikuwa na Utondwe, mji wa Waswahili uliokuwapo hata kabla Wareno hawajaja. Karne ya 19 Saadani ilikuwa bandari ya misafara, ikishindana na Bagamoyo kupokea pembe kutoka bara. Mwaka 1888 pwani ilipowainukia Wajerumani, mkubwa wa Saadani alikuwa Bwana Heri bin Juma. Mji ulipigwa mizinga mwaka 1889. Yeye akarudi nyuma bara, akajenga ngome za miti, akaendelea kupigana hata baada ya Abushiri, kiongozi mwenzake wa vita hiyo, kunyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka huohuo. Alikubali amani mwaka 1890. Kijijini kuna magofu ya boma la Wajerumani, na wageni wengi hupita pembeni yake wakiuliza simba wako wapi.

Wajerumani walipojenga reli moja kutoka Tanga na nyingine kutoka Dar es Salaam, Saadani ikabaki katikati mikono mitupu. Utulivu tunaowauzia watalii leo, kwa sehemu kubwa, ni utulivu wa mji uliopitwa na njia.

Sehemu nyingine ni kazi ya mbung'o. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price wa London Missionary Society alitoka Saadani hadi Mpwapwa na maksai, akarudi akiamini mikokoteni itafaa. Mwaka uliofuata msafara wa mikokoteni ukaondoka pwani, na maksai wakafa njiani kwa ugonjwa wa mbung'o. Miaka mingi baadaye kampuni ya Amboni, wenye mkonge wa Tanga, ilifungua ranchi kubwa ya ng'ombe Mkwaja. Ilipambana na mdudu yuleyule kwa dawa kuanzia miaka ya 1950 hadi ilipofunga mwaka 2000, na ardhi ya ranchi ikaingia hifadhini. Mtalii akiumwa na mbung'o kupitia shati, akaruka na kutukana, amekutana na askari wa hifadhi wa zamani kuliko wote.

Sasa tope na mbung'o vimewalinda wanyama, sawa. Gharama yake ameilipa nani? Masika ikikolea, gari la mizigo halifiki kijijini. Mchuuzi anajua hivyo, na mvuvi anajua kwamba mchuuzi anajua. Bei inapangwa na tope. Kamba wa mdomo wa Wami, ambao ukiwakuta kwenye sahani ya hoteli Dar es Salaam utaangalia bei mara mbili, huondoka ufukweni kwa pesa ambayo haifanani kabisa na hiyo. Barafu inanunuliwa mbali, inafika nusu. Mama akishikwa na uchungu usiku na zahanati ikishindwa, safari yake ni ileile iliyotukwamisha sisi mchana tukiwa na gari la magurudumu manne. Hakuna hoja ya uhifadhi ninayoijua inayoweza kusemwa mbele ya mama huyo bila aibu.

Mwenzangu ana jibu, na jina lake ni Mikumi. Barabara kuu ya kwenda Zambia inaikata ile hifadhi kwa takriban kilomita 50. Kuna vibao, kuna matuta, kuna faini kwa anayemgonga mnyama, na bado wanyama wanagongwa. Dereva wa lori la usiku ana ratiba, na swala akipigwa na mwanga wa taa anasimama. Aliyewahi kupita Mikumi alfajiri akaona tai wamejipanga kandokando ya lami hahitaji takwimu. Saadani ni ndogo kuliko Mikumi, na tembo wake hawaishi ndani ya mipaka tu. Wana njia yao ya kwenda na kurudi pori la Wami Mbiki, ambayo tayari inakatwa na barabara ya Chalinze hadi Segera. Ukiwawekea lami nyingine upande wa bahari, umewabana kotekote.

Tena kuna mkaa. Hili watu wa hifadhi hulisema kwa sauti ya chini, lakini ni kubwa kuliko magari yanayogonga. Barabara inayotoa samaki kwa saa tatu itatoa na magunia kwa saa tatu, na Dar es Salaam haijawahi kushiba mkaa.

Halafu kuna kasa. Kasa wa kijani hutaga ufukwe wa Madete, kaskazini mwa hifadhi, mayai zaidi ya 100 kwenye shimo moja, na huchukua kama miezi miwili kuanguliwa. Vifaranga hutoka usiku na kufuata upande wenye mwanga, ambao tangu zamani ulikuwa bahari. Hoteli moja yenye taa za bustani inatosha kuwageuza wakaelekee nchi kavu. Na hoteli hufuata lami kama inzi wanavyofuata soko la samaki.

Wapo wanaotaja kesi ya Serengeti hapa, pale Mahakama ya Afrika Mashariki ilipoizuia Tanzania mwaka 2014 kujenga barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa hifadhi. Mfano huo sidhani unafaa. Serengeti swali lilikuwa kuhusu nyumbu na njia yao ya kuhama, na kulikuwa na hoja ya kuzungukia kusini. Saadani kijiji kimo katikati ya habari. Huwezi kukizungushia barabara kijiji ambacho ndicho safari yenyewe.

Mimi nasema lami ije, na ifungwe usiku katika kipande cha hifadhini. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Tanga saa nane za usiku ana barabara ya Segera. Haijahamishwa. Lori na basi la mbali halina sababu ya kupita katikati ya viboko gizani ili kuokoa muda kidogo. Katika hili sioni hasara ya maana kwa yeyote.

Ugumu unaanza kwa wenyeji. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Chombo kinapwelea alfajiri na samaki humwambii asubiri geti lifunguliwe. Mzee mmoja wa pwani, tukiwa tumekaa juu ya dau lililopinduliwa, alinisikiliza nikieleza mpango wangu wa geti hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, bamvua haina saa ya ofisi." Kwa hiyo magari ya vijiji yawe na kibali, serikali ya kijiji iwe na orodha yake na hifadhi iwe na yake, yalinganishwe getini. Najua atakachosema mwenzangu: leo gari la samaki, kesho chini ya samaki kuna magunia. Inawezekana. Lakini gari lenye namba inayojulikana, likipita geti lenye mtu, ni rahisi kulipekua kuliko pikipiki ishirini zinazopita vichochoroni kama sasa.

Kuna jambo moja lingetakiwa kutangulia lami, nalo linazungumzwa kidogo kuliko yote: mipaka. Uvinje, kitongoji cha Saadani kilicho ufukweni, kimekuwa kwenye mgogoro na hifadhi kwa miaka. Wenyeji wanasema wazee wao ndio walioliridhia pori la akiba miaka ya 1960, kwa makubaliano kwamba watabaki kwao. Upande wa hifadhi umesema eneo hilo limo ndani ya mipaka yake. Januari 2019 Rais Magufuli aliagiza kuondolewa kwa vijiji vilivyo kwenye maeneo ya hifadhi kusitishwe nchi nzima, na watu wengi wa vijiji vya namna hiyo walipumua. Kusitisha, hata hivyo, hakumpi mtu karatasi mkononi. Ufukwe ambao leo hauna bei kwa sababu haufikiki utakuwa na bei siku ya kwanza ya lami, na atakayekuwa na hati siku hiyo ndiye atakayekuwa mwenyeji. Nikiwa mtu wa Uvinje ningeziogopa bikoni, yaani nguzo za mipaka, kuliko malori.

Hifadhi nayo isionewe. TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ina mpango wa ujirani mwema, madarasa na zahanati zimejengwa kando ya hifadhi nyingi kwa fedha zake, na sheria inatoa kifuta jasho kwa shamba lililoliwa na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Ila kilio cha mkulima kinajulikana: fomu ni nyingi, safari ya kuzifuatilia ni ndefu, na nguruwe pori akishakula mihogo harudi kujaza fomu. Lami itarahisisha angalau hiyo safari. Itawarahisishia pia askari wa doria, ambao masika hukwama kama sisi. Hoja hii watetezi wa tope hawapendi kuisikia.

Mwenzangu nimemtumia maandishi haya kabla ya kuyatoa. Amejibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika saba, nusu yake upepo. Geti la usiku anakubali. Bikoni anakubali. Magari ya vijiji hakubali, na anataka nimtafutie namba ya yule kijana wa pikipiki ili amwombe radhi. Namba sina. Nimemwambia aende mwenyewe, masika, kwa njia ya Mkange.