Vidimbwi vya Dakota: nani alipe ili bata wazae?

Mwezi Aprili theluji inapoyeyuka Dakota Kaskazini, ardhi iliyo chini yake bado imeganda. Maji hayana pa kuzama, hivyo yanakimbilia kwenye vibonde vilivyoachwa na barafu kuu iliyotoweka zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Vibonde hivyo ni mamilioni. Vimetapakaa kutoka Alberta, Saskatchewan na Manitoba nchini Kanada hadi Montana, Dakota zote mbili, Minnesota na Iowa nchini Marekani, kwenye eneo linalozidi kilomita za mraba 700,000. Humo ndimo wanamoanguliwa zaidi ya nusu ya bata pori wa Amerika Kaskazini. Wako wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Fargo, mji wa Dakota Kaskazini, wengi wao wenye asili ya Kongo. Wakiendesha gari kuelekea Jamestown wataviona vidimbwi hivyo pande zote mbili za barabara.

Kuhusu maziwa makubwa hakuna ugomvi. Ugomvi ni juu ya vile vidogo kabisa: kidimbwi cha nusu ekari katikati ya shamba la ngano, maji yake hayafiki magotini, na ifikapo Julai kimekauka. Mwenye shamba anakiona ni kipande cha ardhi kinachomla fedha. Mtaalamu wa ndege anakiona ni chakula cha mayai. Nimefuatilia mabishano haya kwa muda mrefu, na naamini wote wawili wanaona sawasawa.

Tuanze na mayai. Bata jike anayewasili kutoka pwani ya Louisiana, Texas au Mexico ana mafuta mwilini ya kumwezesha kuishi, lakini yai linataka protini, naye anataga moja kila siku mpaka yafike manane, tisa au kumi. Mbegu za majani hazitoshi. Anahitaji mabuu ya visubi, konokono na uduvi wadogo wa maji baridi, na viumbe hao huamka kwanza kwenye maji ya kina kifupi, kwa sababu jua huyapasha upesi. Ziwa kubwa wakati huo bado lina barafu. Mtazame bata mwenye mdomo mpana kama koleo akila: anaogelea kwa kuzunguka duara palepale, miguu ikivuruga maji ili vijidudu vipande juu, kisha anavichuja kwa kingo za mdomo. Siku nzima kazi yake ni hiyo.

Kuna na suala la nafasi. Jozi za bata hazipendi kubanana wakati wa kuzaa. Dume humfukuza dume mwenzake asimkaribie jike wake. Ndiyo maana vidimbwi kumi vya ekari moja moja hubeba jozi nyingi kuliko ziwa moja la ekari kumi. Na kule kukauka, ambako wengi hukuchukulia kama kifo, ndiko kunakokipa kidimbwi uhai. Tope likikaa wazi, mimea iliyooza inarudisha rutuba, mbegu zilizolala zinaota, na samaki ambao wangeshindana na bata kugombea wadudu wanakufa. Mvua zikirudi, maji yanajaa chakula. Sasa mkulima anapochimba mfereji na kuyapeleka maji ya vidimbwi vitano kwenye kimoja kikubwa, kiasi cha maji kinaweza kubaki kilekile, lakini ule mzunguko umekatika. Kile kikubwa kinakuwa kirefu, hakikauki tena, kinaingia samaki na kuzibwa na mafunjo. Anayehesabu ekari za maji peke yake hatauona uharibifu huo.

Lakini mkulima naye asikilizwe, shambani kwake. Mashine ya kupandia ina upana wa mita 18 au zaidi. Kila inapozunguka kidimbwi, mistari inapandana: mbegu mara mbili, mbolea mara mbili, dizeli juu yake. Pembezoni mwa maji chumvi hupanda juu na mazao yanadumaa. Mwaka wenye mvua nyingi anachelewa kupanda, na katika nchi yenye majira mafupi kama hii, kuchelewa wiki mbili kunaweza kula faida yote. Kuanzia 1993 Dakota Kaskazini iliingia kwenye miaka ya maji mengi. Ziwa la Devils Lake lilipanda karibu mita 10, likameza mashamba, barabara na nyumba. Aliyeyaona hayo, ukimwambia maji ni baraka, ana haki ya kukushangaa. Zaidi ya yote, kodi ya ardhi hiyo analipa yeye, wakati bata waliokulia kwake wanaruka kwenda kuwindwa kusini, Arkansas. Hoja hii ni nzito, na watetezi wengi wa ndege wanaipita haraka mno.

Udhaifu wake unaonekana maji yanapovuka mpaka. Maji yaliyotolewa kwa jirani wa juu yanamfikia jirani wa chini. Katika bonde la Smith Creek, Saskatchewan, ardhioevu ilipungua kutoka asilimia 24 ya eneo mwaka 1958 hadi asilimia 11 mwaka 2008. Wataalamu wa maji walipopiga hesabu ya mafuriko ya 2011, walikuta kwamba kama vidimbwi vya 1958 vingekuwapo, kilele cha mafuriko kingeshuka kwa takriban asilimia 32. Kwa hiyo kukausha si jambo la mtu na shamba lake tu, hata tukiwaweka bata kando.

Je, sheria ikataze moja kwa moja? Kwa sheria ya shirikisho, njia hiyo imefungwa nchini Marekani. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ilikataa hoja kwamba dimbwi lililojitenga linaweza kulindwa na sheria ya shirikisho ya maji safi kwa sababu tu ndege wahamao wanalitumia. Mwaka 2023, katika kesi ya Sackett, ikabana zaidi: ardhioevu isiyoungana wazi na mto au ziwa haihesabiki. Vidimbwi vingi vya Dakota, kwa maumbile yake, havijaungana na chochote.

Njia ninayoiona ya haki kuliko nyingine ni ile ya sheria ya kilimo ya 1985. Haimkatazi mtu kukausha kidimbwi chake. Inasema kwamba akikikausha ili apande mazao, asitegemee ruzuku ya serikali. Fedha ya umma hailipii kuharibu kitu ambacho umma huohuo unalipa kukihifadhi. Kasoro ni kwamba wanasiasa waliipunguza nguvu: mwaka 1996 ruzuku ya bima ya mazao iliondolewa kwenye sharti hilo, na haikurudi mpaka 2014. Katikati ya kipindi hicho mahindi yalivuka dola 7 kwa busheli (kipimo cha kama kilo 25) mwaka 2012, na kishawishi cha kufukia mabomba yenye matundu ya kutoa maji chini ya shamba kikawa kikubwa. Nyasi nazo ziliondoka. Mpango wa serikali unaowalipa wakulima wapumzishe ardhi kwa mikataba ya miaka 10 hadi 15 ulikuwa na zaidi ya ekari milioni 36 nchi nzima mwaka 2007; mwaka 2016 zilibaki takriban milioni 24. Bata wengi wa huku hawatagi majini, wanataga kwenye nyasi. Nyasi zikibaki vipande vipande, mbweha na vicheche wanajua pa kutafuta viota.

Njia ya pili ni kununua haki ya kukausha. Tangu 1934 kila mwindaji wa bata Marekani mwenye miaka 16 au zaidi hununua stempu ya kuwindia, siku hizi dola 25, na senti 98 za kila dola huenda kwenye ardhi ya ndege. Tangu 1958 sehemu ya fedha hizo imetumika kufunga mikataba ya kudumu: shamba linabaki la mkulima, analima kidimbwi kikikauka chenyewe, ila haruhusiwi kukitoa maji wala kukifukia. Wapinzani wanalalamika kwamba babu alichukua fedha kidogo miaka ya 1960, na mjukuu amefungwa milele. Dakota Kaskazini ilijaribu kuizuia mikataba hiyo, na mwaka 1983 ikashindwa Mahakama ya Juu kwa sehemu kubwa. Nawaelewa wajukuu hao. Lakini ardhi waliirithi pamoja na mkataba wake, kama anavyorithi mtu shamba lenye njia ya majirani.

Matunda ya njia hizi yanaonekana. Utafiti wa mwaka 2019 uliokadiria kwamba Amerika Kaskazini imepoteza karibu ndege bilioni 3 tangu 1970 ulikuta pia kwamba jamii ya bata na mabata bukini imeongezeka kwa zaidi ya nusu, huku ndege wa mbuga za nyasi wakipungua kwa asilimia 53. Ndege mwenye mwindaji wa kumlipia amepona. Asiye naye ameachwa. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema stempu inatosha.

Hata bata si wote walionusurika. Bata mwenye mkia mrefu uliochongoka alikuwa karibu milioni 10 mwaka 1956; mwaka 2022 walihesabiwa chini ya milioni 2. Yeye hutaga mapema, kwenye mabua yaliyobaki baada ya mavuno, kisha trekta linapita juu ya kiota, na akipoteza mayai si mwepesi kutaga tena. Kwake kidimbwi peke yake hakisaidii. Kinachomsaidia ni ngano inayopandwa majira ya kupukutika kwa majani, kwa kuwa shamba hilo halilimwi tena Aprili, na mkulima anavuna kama kawaida.

Kama fedha ni kidogo, ningeziweka kwanza kwenye mikataba ya kudumu ya vidimbwi vya chini ya ekari moja vilivyozungukwa na nyasi, kwa bei ya ardhi ya leo, na ningemwomba asiyewinda naye achangie kupitia kodi. Mkataba wa miaka 10 unaisha. Mahindi yakifika tena dola 7, mwenye shamba atapiga hesabu yake upya, na hakuna atakayekuwa na haki ya kumlaumu.