Krili wa Antaktiki wagawanywe kwa eneo na kwa mwezi

Mwanzoni mwa Agosti 2025 meli zinazovua krili upande wa Atlantiki wa Bahari ya Kusini ziliamriwa kusimamisha kazi na CCAMLR, kamisheni inayosimamia viumbe wa bahari hiyo. Tani 620,000, kikomo cha msimu mzima, zilikuwa zimeshatimia, na msimu ulibakiza karibu miezi minne. Jambo hilo halikuwahi kutokea kabla. Wapo walioipokea kama habari njema: kikomo kimefikiwa, uvuvi umesimama, sheria inafanya kazi. Sikubaliani nao. Kikomo hicho kina maana pale tu kinapoandamana na mgawo wa maeneo, yaani kanuni inayosema kila eneo litoe kiasi gani, na mgawo huo uliachwa ukafa mwishoni mwa Novemba 2024. Tangu ulipokufa, tani zote 620,000 zikawa zinaweza kisheria kutolewa mahali pamoja, mbele ya makundi yaleyale ya pengwini, katika miezi ileile ambayo hawawezi kwenda mbali kutafuta riziki.

Nimwelezee kwanza mnyama mwenyewe, maana ukimjua yeye hoja yote inajipanga. Krili wa Antaktiki ni jamaa wa mbali wa kamba na uduvi. Mkubwa kabisa hufika sentimita 6, sawa na kidole kidogo cha mkono, na uzito wake hauzidi sana gramu 2. Mwili ni kama kioo kilichonyunyiziwa madoa mekundu, macho ni meusi ti, na akishiba mwani tumbo lake huonekana kwa nje likiwa la kijani. Miguu ya mbele ina vinyweleo vingi; huifungua kama kikapu, akaikunja, maji yakachujika na mwani ukabaki ndani. Ni mzito kuliko maji, kwa hiyo akiacha kupiga miguu anazama. Huogelea usiku na mchana maisha yake yote, ambayo ni miaka mitano, sita au zaidi.

Hawaishi wametawanyika. Wakikusanyika, mita moja ya ujazo wa maji inaweza kuwa na krili zaidi ya elfu kumi, na ukienda kilomita chache kando usikute hata mmoja. Mei 2009, kwenye ghuba ya Wilhelmina iliyopo Rasi ya Antaktiki, watafiti walikuta kusanyiko lililokadiriwa kuwa tani milioni 2, na juu yake nyangumi wenye nundu 306 wakila. Ghuba moja tu. Tabia hii ya kujikusanya ndiyo inayofanya hesabu za wastani zidanganye.

Uzazi wake nao una mahali pake. Jike hutaga kiangazi cha kusini, Januari hadi Machi, maelfu ya mayai kwa mkupuo, kila yai likiwa na upana wa milimita 0.6 hivi. Mayai hayaelei. Huzama mita 700 hadi 1,000 na kuanguliwa gizani huko chini baada ya siku kadhaa, kisha lava, yaani kitoto kilichoanguliwa, huanza kupanda. Kupanda huko huchukua wiki tatu hivi, na muda huo wote lava hali kitu. Anaishi kwa akiba ya kiini alichotoka nacho kwenye yai. Akichelewa, akiba inakwisha kabla hajaufikia mwani. Ndiyo maana majike huenda kutaga pale sakafu ya bahari inapoporomoka kuelekea kilindini. Yai likitagwa kwenye maji ya mita 200 hugota chini kabla ya kuanguliwa, na kwenye sakafu ile wenye njaa ni wengi.

Baridi ikiingia, wadogo huhamia chini ya barafu ya bahari na kukwangua mwani unaoota upande wake wa chini. Mkubwa anaweza kushinda njaa miezi mingi. Mwili wake hupungua urefu kila anapojivua gamba, akangoja kiangazi. Mdogo hana uwezo huo. Barafu ikichelewa kuganda, kizazi kinapotea, na kule Rasi kizazi kikubwa hupatikana mara moja tu kila miaka mitano au sita. Februari 2023 barafu ya bahari kuzunguka Antaktiki ilishuka hadi kilomita za mraba milioni 1.79, kiwango cha chini kuliko chote kilichowahi kupimwa kwa setilaiti.

Sasa tuje kwenye tani. Watetezi wa hali ilivyo wana hoja moja wanayoirudia, na siidharau. Upimaji mkubwa wa mwaka 2000 ulikadiria krili wa eneo la 48, yaani upande wa Atlantiki, kuwa tani milioni 60.3. Ule wa 2019 ulipata milioni 62.6. Tani 620,000 ni kama asilimia moja ya hizo. Uvuvi gani mwingine duniani, wanauliza, unachukua asilimia moja?

Hesabu ni sahihi, lakini jibu lake halimsaidii pengwini. Ziwa zima linaweza kuwa na dagaa tele, ila ukipeleka mitumbwi yote ivue mbele ya mwalo mmoja kila usiku wa giza, wa mwalo ule watalala njaa, na dagaa wa ng'ambo hawatawafaa kitu. Pengwini mwenye kinda hana ziwa zima. Kati ya Desemba na Februari lazima arudi nchi kavu kulisha, na pengwini wa aina ya gentuu na wale wa kidevu chenye mstari huwinda ndani ya kilomita chache hadi makumi machache kutoka kwenye kiota. Kwake bahari ni duara hilo tu.

Watu wengi hawajui namba 620,000 ilitoka wapi. Haikukokotolewa kutokana na mahitaji ya pengwini, sili wala nyangumi. Mwaka 1991 kamisheni ilichukua kiasi kikubwa kuliko vyote kilichowahi kuvuliwa katika kila sehemu ndogo ya eneo la 48, ikavijumlisha. Ni kumbukumbu ya uvuvi wa zamani, hasa wa meli za Kisovieti. Kikomo chenye hesabu ya kiikolojia nyuma yake ni kingine, tani milioni 5.61. Hicho kilikokotolewa ili, uvuvi ukiendelea, asilimia 75 ya krili wabaki kwa ajili ya wanaowala. Lakini kimefungiwa kabatini: hakuna ruhusa ya kuvuka 620,000 mpaka itafutwe njia ya kugawanya uvuvi katika maeneo madogo madogo. Waliotunga kanuni hiyo walijua tangu mwanzo kwamba jumla peke yake haitoshi.

Mwaka 2009 ndipo ukapatikana mgawo wa muda. Rasi ya Antaktiki, inayoitwa 48.1, ilipewa asilimia 25 ya zile 620,000, yaani tani 155,000. Sehemu za visiwa vya South Orkney (48.2) na South Georgia (48.3) zikapewa asilimia 45 kila moja, na South Sandwich (48.4) asilimia 15. Ukijumlisha unapata 130, na hilo si kosa: meli ziliachiwa nafasi ya kuhama kufuata barafu na krili, ila jumla haikuruhusiwa kupita 100. Mgawo huo ulikuwa wa juujuu, 48.1 ni eneo kubwa mno, lakini ulifanya kazi. Misimu mingi kuanzia 2010 Rasi ilifungwa mapema baada ya kufikisha tani zake, meli zikalazimika kwenda kwingine. Oktoba 2024, kwenye kikao cha Hobart, mji wa Australia yalipo makao ya kamisheni, nchi wanachama wa CCAMLR zilishindwa kukubaliana kuurefusha. Maamuzi huko hupita kwa wote kuridhia. Nchi moja ikikataa, basi.

Kwa nini meli zote zikimbilie Rasi? Kwa sababu krili ni bidhaa ngumu. Akifa, vimeng'enya vya tumboni mwake huanza kuuyeyusha mwili wake mwenyewe ndani ya saa chache. Gamba lake lina floraidi nyingi, nayo huhamia kwenye nyama. Ukitaka chakula cha binadamu, una kama saa tatu za kumshughulikia. Mtego mzito ukivutwa hadi juu ya sitaha, krili wa chini hupondwa na uzito wa wenzao, mafuta yakavuja na kuharibika. Ndiyo maana meli mpya haziinui wavu kila mara: huuacha majini, bomba nene likafungwa kwenye mkia wa wavu, na krili wakapampiwa moja kwa moja hadi kiwandani ndani ya meli. Kiwanda kikiwa hakisimami, nahodha anatafuta kusanyiko nene lisilokatika, karibu na maji matulivu. Mlango-bahari wa Bransfield na ule wa Gerlache, yote kando ya Rasi, humpa vyote viwili. Tena hamtaki krili wa kijani, aliyeshiba mwani, kwa sababu unga wake hubadilika rangi na ladha. Anamtaka mwenye mafuta, na mafuta hujaa kuanzia Machi hadi Juni.

Miezi hiyo ndiyo nyangumi wenye nundu wa Rasi wanapojaza mafuta ya safari. Kwa kuwa barafu siku hizi huchelewa kufunga njia, nyangumi wanakaa zaidi, na meli zinakaa zaidi, juu ya kusanyiko lilelile. Mwaka 2021 na 2022 walipatikana nyangumi wenye nundu waliokufa kwenye nyavu za krili. Nyavu hizo zina kizuizi, kipande cha wavu chenye matundu makubwa kinachoziba mdomo ili sili wasiingie na krili wapite. Kilibuniwa kwa ajili ya sili, na mnyama wa tani 30 anayemeza kundi kwa mdomo wazi ni jambo jingine kabisa.

Hapa nisahihishe kitu ambacho watu wa pwani yetu hukichanganya. Nyangumi tunaowaona Watamu na Zanzibar kati ya Julai na Oktoba nao wamenenepa kwa krili wa Antaktiki, maana huku wanakuja kuzaa na karibu hawali kitu. Ila hawatoki Rasi. Wao hulisha kusini mwa Bahari ya Hindi. Wale wa Rasi hupanda kuzalia Kolombia, Ekuado na Panama. Kwa hiyo kinachotokea Bransfield leo hakigusi nyangumi wa Watamu. Kitawagusa siku meli zikihamia upande wa Hindi zikiwa na kanuni hizihizi za jumla.

Ninachotaka kifanyike hakihitaji uvumbuzi. Mgawo wa 2009 urudishwe kwanza jinsi ulivyokuwa, hata kama ni mbovu. Kisha uvuvi ugawanywe kwenye maeneo madogo 15 ambayo kamisheni yenyewe iliyachora mwaka 2002, kila eneo na tani zake na miezi yake. Zaidi ya miaka 20 imepita na mipaka hiyo haijawahi kutumika kugawa hata tani moja; kwangu mimi hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Gerlache na Bransfield zifungwe kuanzia pengwini wanapoangua hadi nyangumi wanapoondoka. Baadhi ya kampuni tangu 2018 zinakaa mbali na makoloni ya pengwini wakati wa kuzaa kwa hiari yao, na zinastahili kusifiwa, lakini hiari haimbani asiyetaka. Pale South Georgia kuna mfano unaofanya kazi tayari: krili huvuliwa majira ya baridi tu, na ukanda wa kilomita 30 kutoka pwani umefungwa. Uvuvi haukufa kwa hilo.

Upimaji nao. Miaka 19 kati ya upimaji mmoja mkubwa na mwingine ni mingi kupita kiasi kwa mnyama anayeishi miaka sita. Kila meli ya krili ina mtambo wa mwangwi unaotuma sauti chini na kusikiliza inavyorudi. Iamriwe, kabla ya kutupa wavu wa kwanza wa msimu, ipite kwenye mistari iliyopangwa, mtambo ukiwa umepimwa usahihi wake kwa kugonganisha sauti na kijitufe cha chuma kinachojulikana mwangwi wake, na data iende Hobart. Nahodha atapoteza siku chache. Hata hivyo mtambo huo una upofu wake. Krili aliyepo mita chache chini ya uso wa maji haonekani, kwa kuwa mtambo umefungwa tumboni mwa meli, na masafa yanayofaa kwa krili yanafifia mita 250 hivi kwenda chini. Mwaka 2008 ilichapishwa taarifa ya krili wakubwa walioonekana kwa kamera ya roboti wakila kwenye sakafu ya bahari kando ya Rasi, kina cha zaidi ya mita 3,000. Anayekueleza kwamba asilimia moja ni asilimia moja hasa, muulize kama amewahesabu na hao.

Simo kwenye kundi la wanaotaka uvuvi huu ufutwe. Kwa samaki wasiokusudiwa kunaswa, ni miongoni mwa uvuvi safi zaidi wa nyavu za kukokota, na meli hubeba waangalizi. Unga wake unalisha samaki wa kufugwa, mafuta yake yanauzwa madukani. Lakini meli za krili duniani hazifiki hata thelathini. Kundi dogo kiasi hicho, linalofuatiliwa kwa setilaiti saa zote, kuliambia hapa sasa, pale Juni, ni kazi ya barua moja.

Kwenye meza ya Hobart, Afrika ina viti viwili, Afrika Kusini na Namibia. Zote zinaijua habari ya kugawa samaki kwa eneo na kwa msimu, maana wamekuwa wakibishana juu ya dagaa na pengwini wa kwao kwa miaka mingi: pwani ya Afrika Kusini kuna visiwa vya pengwini ambavyo uvuvi wa dagaa umefungwa kuvizunguka kwa sababu hiihii ya duara la kutafutia chakula. Nchi inayoweza kusimama na kusema "sisi tumelipima hili nyumbani" ina uzito kwenye kikao ambacho kila mmoja anaweza kuzuia. Ningependa kuisikia ikisema hivyo kila Oktoba mpaka mgawo urudi.