Vibao vya kromu kwenye Gold Wing: anza na breki

Nasema mapema ili nisieleweke vibaya. Vibao vya miguu, yaani sahani pana za kuwekea unyayo badala ya vijiti, ni nyongeza nzuri kwa pikipiki ya safari ndefu, na kromu napenda kuitazama kama mtu mwingine yeyote. Ninachopinga ni namna vinavyonunuliwa na kufungwa. Mtu anachagua kwa mng'aro, anavifunga jioni moja gereji ya nyumbani, na kesho yake yuko barabara kuu bila kuirekebisha kabisa pedali ya breki.

Hapa Ohio, Marekani, Gold Wing, ile pikipiki kubwa ya safari ya Honda, ni nyingi, na si ajabu. Tangu 1980 hadi kiwanda cha pikipiki kilipofungwa mwaka 2009, Honda ilikuwa ikiziunda Marysville, mji mdogo kaskazini-magharibi mwa Columbus. GL1800, toleo la Gold Wing lililotoka mwaka 2001 na injini ya silinda sita ya cc 1832, leo unaipata iliyokwisha tumika kwa bei ambayo dereva wa kawaida anaweza kujipanga nayo. Ndiyo maana hata sisi tuliokulia kwenye Boxer na TVS tunaziendesha. Na karibu kila anayeinunua hugundua jambo lilelile: kwenye GL1800 za 2001 hadi 2017, abiria wa nyuma amewekewa vibao vipana na kiwanda, lakini dereva amepewa vijiti vya kukanyagia tu. Ukitoka Columbus kwenda Minneapolis kusalimia ndugu, takriban kilomita 1,200, goti lililokunjwa pembe moja kwa saa nyingi linaanza kudai haki yake. Kibao kinakuruhusu kusogeza unyayo mbele na nyuma, kugeuza kisigino, kupumzisha nyonga. Hiyo ni faida ya kweli, na kwa mtu mwenye magoti mabovu inaweza kuwa sababu ya kuendelea kuendesha.

Sasa tuje kwenye breki, maana hapa sitaki tupite haraka. Kwenye Gold Wing, pedali ya mguu haishiki gurudumu la nyuma peke yake. Mfumo wake umeunganishwa, kwa hiyo ukikanyaga pedali, breki za mbele nazo zinafanya kazi. Kwa wengi wetu tuliozoea kwamba breki ya mguu ni ya nyuma na ya mkono ni ya mbele, ni rahisi kulisahau hilo. Ukiharibu mkao wa mguu kwenye pedali ya chombo hiki, umepunguza uwezo wa kusimamisha kitu ambacho kikiwa na mafuta kina uzito wa zaidi ya kilo 400, kabla hujapanda wewe, abiria na mizigo.

Kibao kina unene wake, na juu yake kuna raba. Unyayo unapanda. Vingine pia vinausukuma mguu nje kidogo au mbele kidogo. Pedali imebaki pale pale ilipowekwa kwa ajili ya kijiti. Matokeo yake ni mojawapo ya mawili: ama inabidi uunyanyue mguu mzima kutafuta breki, ama kidole gumba kinakaa juu ya pedali muda wote bila wewe kujua. Katika hali ya kwanza unachelewa. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa pikipiki inakula karibu mita 28 kila sekunde, hivyo nusu sekunde ya kupapasa pedali ni mita 14 zilizopotea, na mita 14 ni karibu urefu wa magari matatu ya kawaida. Katika hali ya pili breki zinaburuza na kupata moto, taa ya nyuma inawaka bila kuzimika, na anayekufuata anazoea kuiona ikiwaka hata siku unaposimama kweli.

Kuna la tatu, na hili ndilo linanitisha zaidi kwa sababu halionekani pikipiki ikiwa imesimama. Pedali ikikanyagwa hadi mwisho inaweza kugonga ukingo wa kibao kabla breki hazijashika kwa nguvu zote. Ukiijaribu kwa upole gereji, kila kitu ni sawa. Kwa hiyo ikanyage kwa nguvu ile utakayotumia siku paa atakapokurukia mbele, na mwenzako aangalie chini kama bado kuna nafasi. Huku Ohio paa si mfano wa kubuni.

Upande wa gia hatari ni ndogo, ila usumbufu ni mkubwa. Kupandisha gia kwa kawaida unaingiza kidole chini ya pedali na kuinua, na kwa kijiti kisigino kina pa kushukia. Juu ya kibao hakina. Suluhisho lake kila dereva wa bodaboda analijua tangu siku ya kwanza: pedali yenye ncha mbili, moja ya vidole na moja ya kisigino. Baadhi ya seti za vibao huja na pedali hiyo na nyingine hazina, na wauzaji wengi hawakwambii mpaka uulize. Uliza.

Watu wengi wanaohamia Gold Wing wana picha ya pikipiki ya Harley kichwani, miguu imenyooshwa mbele. Kwenye Gold Wing haiwezekani kwa kibao. Silinda zake zimelala, tatu kulia na tatu kushoto, na ziko mbele kabisa ya ugoko wako. Kibao hakiwezi kupita hapo. Ukitaka kunyoosha miguu, utahitaji vijiti vya ziada kwenye vyuma vya kukinga injini, na hiyo ni gharama nyingine. Afadhali ulijue hilo kabla ya kulipa.

Jambo jingine ni kona. Ukiilaza pikipiki, kibao kipana kinagusa lami mapema kuliko kijiti. Kikiwa na bawaba nzuri inayokunjika kwenda juu, utasikia mkwaruzo na kupata onyo. Kikiwa hakikunjiki, au bawaba imeshikwa na kutu, chuma kinaweza kubeba uzito na kulinyanyua tairi kutoka barabarani ukiwa katikati ya kona. Barabara ya 555 kusini-mashariki mwa jimbo hili, ambayo waendeshaji wanaipenda kwa kona na milima yake, sishauri mtu aiingie na vibao vipya kabla ya kujua vinagusa chini wapi. Na kwenye taa, unaposhusha miguu, ukingo uleule wa kibao unakaa pale ugoko unapotaka kupita. Kwa wenye miguu mifupi hili si dogo, kwa kuwa Gold Wing ikianza kuinama huizuii kwa nia njema.

Kuhusu kromu yenyewe, wengi wanadhani ni ganda nene la chuma kigumu. Ule mng'aro wa mapambo ni utando ambao kwa kawaida haufiki mikroni moja, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Kinachozuia kutu hasa ni nikeli iliyo chini yake. Huku majira ya baridi barabara zinamwagiwa chumvi, na chumvi hiyo inabaki pembezoni mwa lami hata baada ya theluji kuyeyuka. Inapenya kwenye nyufa ndogo za kromu, na kibao kikiwa cha alumini utaona uso unaumuka na kubanduka. Dawa ni maji safi mengi baada ya kila safari ya mwanzo wa msimu, kukausha, na nta. Nyuzi za chuma za kusugulia na sabuni kali za tindikali za kuoshea rimu usiziweke karibu.

Naongeza hili kwa sababu linanigusa. Kromu ya kawaida ya mapambo imepakwa kwa njia inayotumia kromiamu ya aina inayosababisha saratani kwa anayeivuta kazini kila siku. California ilipitisha mwaka 2023 sheria ya kuiondoa hatua kwa hatua katika kazi za mapambo. Kibao kilichopakwa rangi nyeusi ya unga kinabeba mguu vilevile, hakikupigi mwanga wa jua machoni, na hakimwingizi mtu wa karakana hatarini kwa ajili ya kung'aa. Mimi nikichagua leo, nachagua cheusi.

Lakini kiwe cheusi au cha kromu, tazama raba kwanza. Kromu iliyoloa inateleza, na buti yenye matope inateleza zaidi. Raba iwe pana, iwe na mifereji, na iwe ya kubadilishika ikichakaa. Hakikisha pia stendi ya pembeni bado unaifikia kwa mguu wa kushoto, maana baadhi ya vibao vinaifunika. Bolti zikazwe kwa spana ya kupimia mkazo kulingana na karatasi ya mtengenezaji, na nyuzi zipakwe tone la gundi ya kuzuia kulegea, ile ya buluu inayofunguka kwa spana ya kawaida. Bawaba zipate grisi.

Kisha rekebisha urefu wa pedali ya breki, ama kwa skrubu yake ama kwa kipande cha nyongeza kilichotengenezwa kwa kibao hicho, na uangalie taa ya nyuma inawaka pedali ikianza tu kushuka na inazima ukiiachia. Nenda kwenye maegesho matupu. Simamisha ghafla ukiwa na mwendo mdogo, ongeza, rudia mpaka mguu uipate pedali bila kufikiri. Rudi nyumbani, kagua kila bolti, na ndipo umwite wa kukaa nyuma.