Hii r ya Nini?

Alhamisi jioni tulikuwa wanne kwenye chumba cha kujisomea hapa Dresden, tunahangaika na karatasi ya mazoezi ya saketi ya wiki. Swali la 3 lilitoa chanzo halisi cha volteji, chenye ukinzani wa ndani, r, yaani ukinzani wa chanzo chenyewe, unaokula volti zaidi kadiri mkondo unavyoongezeka. Mwenzangu mmoja, kijana ambaye kwa hesabu ananiacha mbali sana, akauliza kwa moyo mweupe: "Hii r ya nini? Si tuiache tu?" Nilicheka mpaka watu wa meza ya pili wakageuka.

Hajawahi kuona taa ikififia. Miaka yote ya maisha yake, soketi inatoa volti 230 na inabaki 230, uwashe kitu kimoja au kumi.

Mimi na r tumekua pamoja. Baba mdogo ana mashine ya posho nyuma ya nyumba yetu Busia, mota ya nguvu za farasi 20, na transfoma iko mbali, ng'ambo ya soko. Kabla ya kuwasha alikuwa anapaza sauti, "Pasiii!", nasi tunakimbia kuchomoa pasi. Anasukuma mkono wa starta juu. Taa zinageuka rangi ya strungi, redio inameza maneno ya mtangazaji, na yeye ameinamisha kichwa anasikiliza mota ikipanda. Sauti ikishatulia, anaushusha mkono kwa mpigo mmoja. Mahindi hayaingii kabla ya hapo. Hakuna aliyemwambia kwamba mkono ukiwa juu ni muunganisho wa nyota, ukiwa chini ni wa pembetatu, njia mbili za kuunganisha koili tatu za mota, wala kwamba ukianza na nyota mota inavuta kwenye laini theluthi tu ya mkondo ambao ingeuvuta ikiwashwa moja kwa moja kwenye pembetatu. Anachojua ni kwamba ukiwa na haraka, fyuzi zinakwenda na wateja wanakwenda kwa jirani.

Basi nikawachorea. Chanzo volti 240, r nikakadiria omu 0.8 kwa waya mrefu kama ule, mota inavuta ampea 60 wakati wa kuanza. Sitini mara 0.8 ni volti 48, zimeliwa njiani. Nyumbani kwetu zinafika 192. Nguvu ya balbu ya waya, tukichukulia ukinzani wake haubadiliki, inafuata mraba wa volteji, kwa hiyo inabaki kama asilimia 64 ya kawaida, na mwanga unashuka zaidi ya hapo. Wakanyamaza. Yule kijana akasema, "Kumbe ni kitu cha kweli." Ndugu zangu, nilivimba kichwa usiku ule, sikatai.

Hasira ilikuja nikiwa kwenye tramu narudi chumbani.

Maana nadharia ya Thévenin sikuanzia kuisoma huku. Niliisoma nyumbani, kwenye diploma. Thévenin alikuwa mhandisi wa telegrafu Mfaransa, aliitoa mwaka 1883: mtandao wa vyanzo na vikinzani, hata uwe umejisokota vipi, ukiutazama kutoka ncha mbili ni chanzo kimoja na kikinzani kimoja. Yaani bwawa la umeme la Jinja lililofunguliwa 1954, minara, transfoma, na ule waya ambao fundi aliukaza kwa meno, vyote kwa mtu aliyeshika pasi ni namba moja na r. Mhadhiri wetu aliandika hilo ubaoni kwa herufi tupu, tukanakili. Nje ya dirisha, naapa, kulikuwa na mashine ya posho inanguruma, na taa ya darasani ikafifia katikati ya nadharia yenyewe. Hakuna aliyegeuka. Hata mimi sikugeuka. Nilikuwa nanakili.

Sasa nawasikia. "Huyu ameenda kyeyo, huko ughaibuni, juzi tu, leo anatudharau." "Mhadhiri alikuwa na wanafunzi 120 na chaki moja, ulitaka akupeleke ziara?" Chaki naijua, bwana, mimi ndiye nilikuwa natumwa kuikopa darasa la jirani. Nachouliza ni kidole. Kunyoosha kidole dirishani kunahitaji bajeti gani?

Na mwingine atasema nasifia giza, kana kwamba umeme dhaifu ni baraka ya kutufundisha fizikia. Hapana. Friji ya mama iliungua, sina mapenzi na r kiasi hicho.

Wiki mbili nyuma kwenye kozi ya uwezekano kulikuwa na swali la balbu tatu, kila moja ina uwezekano wa 0.1 kuungua ndani ya mwezi, bila kutegemeana. Zote tatu kwa pamoja: 0.001. Wenzangu wakaandika wakafunga. Mimi nikaongeza pembeni kwamba kwetu balbu haziungui kila moja kwa siku yake, zinaungua zote jioni umeme unaporudi kwa kishindo. Msaidizi wa mhadhiri hakunikata alama. Aliandika chini: "Sawa, weka kishindo kwenye modeli." Nikaweka: kishindo kina uwezekano wa 0.05 kwa mwezi, kikija kila balbu inaungua kwa 0.8. Jibu likapanda kutoka 1 kwa 1,000 hadi zaidi ya 26 kwa 1,000. Swali kama hilo niliwahi kuliuliza nyumbani, nikajibiwa, "Andika kilicho kwenye noti." Nikaandika. Nikapata alama zote, na hilo ndilo linaloniuma.

(Kwenye kozi ya ishara sijivuni kitu. Konvolusheni, ile hesabu ya kuchanganya ishara mbili kupata ya tatu, imenilaza chini na bado nipo chini.)

Kuna atakayesema Wazungu nao wanakariri. Wanakariri sana, hata yule wa r alikuwa amekariri. Lakini akikosea alama ya kutoa anapoteza nusu pointi, wanamsomea njia aliyopita. Sisi jibu likikosewa ulikuwa unapewa yai, yaani sifuri, ukurasa mzima wa hesabu hausomwi. Mtu atathubutu vipi kuandika habari za mashine ya posho hapo?

Jumamosi nikampigia baba mdogo, nikamwomba fundi ashike mita wakati mashine inawashwa. Jioni akanirudia: "Imesoma 186." Basi kama ampea 60 zangu ni sahihi, r ni 0.9, nilimpunja kidogo. Nikamshukuru. Akauliza, "Na huko kwenu mkisaga, taa zinafanyaje?"

Nikamwambia huku hatusagi, baba, unga unanunuliwa dukani kwenye pakiti.

Akakaa kimya kidogo. "Poleni," akasema, halafu nikamsikia akiita watu wachomoe pasi.